Wiki Tuliyosiliba Kuta

Ukuta wa jiko letu unaotazama magharibi ndio unaopigwa na mvua kuliko kuta nyingine, kwa hiyo ndio uliopaswa kusilibwa kwa udongo mpya kila mwaka. Haukusilibwa. Bibi alikuwa akisiliba ukuta wa mlangoni, akisiliba na wa nyuma, halafu akifika kwenye ule wa magharibi anaziba nyufa za chini karibu na msingi, basi. Juu hakugusa. Hakuna aliyesema kwa nini, na mimi si mtu wa kuuliza.

Juu palikuwa na mistari ya mama.

Mama alifariki kabla sijaanza shule. Sura yake naijua kwa picha moja iliyopigwa kwenye harusi ya watu wengine. Amesimama pembeni na kitenge chake, ameinamisha kichwa kwa sababu jua lilikuwa machoni, kwa hiyo hata hapo uso hauonekani wote. Mistari ndiyo niliyoijua vizuri. Aliichora kwa vidole udongo ukiwa bado mbichi. Ilianzia kwenye kona ya mlango, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, kama matuta ya viazi yanayofuata mteremko. Nilipokuwa mdogo, nikitumwa kukoka moto, nilipitisha vidole vyangu humo kwanza. Mifereji mitatu ilikuwa ya kina. Wa nne ulikuwa umepapaswa tu, mahali pengine haupo kabisa. Nilidhani kila mtu huchora hivyo.

Nyumba kubwa ni ya tofali na bati, mjomba aliijenga mwaka ambao pamba ilikuwa na bei. Alitaka kujenga na jiko la saruji, bibi akakataa. Alisema moshi wa jiko la saruji haujui pa kutokea. Hivyo jiko likabaki la udongo na nyasi, na ndipo tunapokaa muda mwingi, mimi na yeye. Kijiji chetu ni mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Lagangabilili, lakini wageni hawafiki sana.

Mgeni mmoja alifika mara ya kwanza wakati wa kiangazi, pamba ikiwa imeshauzwa. Alikuwa dada bado kijana, mkoba mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa anaomba maji ya kunywa. Alisema, "Shikamoo, bibi," na bibi akaitikia marahaba, kisha akaendelea na salamu zilizobaki kwa Kisukuma, akauliza za nyumbani, za watoto, za mifugo, na yule dada akawa anatabasamu tu hajui ajibu nini. Nilimsaidia kwa sauti ndogo kutoka mlangoni mwa jiko: "Sema mhola duhu, ni nzuri tu."

"Mhola duhu," akasema.

"Wabeja," bibi akashukuru, ameridhika. "Unatoka wapi?"

"Niko chuo kikuu, bibi. Nyumbani ni Iringa."

"Unasomea udaktari."

"Hapana, historia."

"Ya vita."

"Historia ya utamaduni."

Bibi alinitazama kama mimi ndiye ninayejua. Mimi niliishia darasa la saba, na historia niliyosoma ilikuwa ya machifu, Wajerumani na uhuru. Nikatazama chini.

"Ndiyo nini hiyo?" bibi akauliza.

Yule dada alishusha mkoba. "Ni kutafuta watu wa kawaida waliishije, bibi. Walikula nini, walichekeshwa na nini, waliona aibu kwa jambo gani, nyumba zao walizipambaje. Na wenyewe walionaje hayo yote wakati wanayafanya."

"Machifu wamekwisha, sasa mmeanza kuangalia sufuria."

"Na sufuria, ndiyo."

"Na unalipwa?"

"Bado. Kwa sasa ninalipa mimi."

"Pole sana, ng'wanone, mwanangu," bibi akasema, na akamwongeza maji.

Ndipo yule dada akageuza shingo akauona ukuta wa magharibi. Alisimama na kikombe mkononi. Akasogea, akaniuliza mimi kama anaruhusiwa kugusa, nikaitikia kwa kichwa. Alitoa simu apige picha, ikawa imeisha chaji, na siku hiyo umeme haukuwepo kijijini. Nakumbuka alivyoitikisa ile simu, kama kwamba chaji imekwama mahali.

"Nani alichora?"

"Mama yake huyu," bibi akasema.

"Alijifunza kwa nani?"

"Kwani mtu anajifunza? Unaweka mkono tu."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Njiani aliongea yeye. Alisema amezunguka Lalago akakuta nyumba nyingi zimeshakuwa za tofali, akafika hadi Kimali, huko akaona kuta chache. Profesa wake haamini kwamba ukuta wa jiko ni jambo la kuandikia shahada. Amemwambia alete kuta zilizokaa miaka, zenye tabaka juu ya tabaka, au atafute mada nyingine. "Nikipata kuta za kutosha kama huu wa kwenu nitapita," alisema. "Nitarudi na kamera ya kweli. Mwambie bibi." Kisha akaniuliza, "Na wewe unachora?"

Nilisema hapana, mimi ninaosha vyombo.

Alirudi kweli, lakini kabla hajarudi ilikuja habari yake, na habari ndiyo iliyoharibu. Barua ya ruhusa ilitoka chuoni ikaenda halmashauri, ikashuka kwa mtendaji wa kata, ikashuka kijijini, ikamfikia mwenyekiti wa kitongoji chetu. Ilipotufikia sisi ilikuwa imebaki hivi: mgeni kutoka chuo kikuu anakuja kuangalia kuta za nyumba. Sasa, mtu wa mwisho kuja kwetu kuangalia kitu cha nyumbani alikuwa bwana afya, alikuja kuangalia vyoo, na wasio na choo walipigwa faini. Mwenyekiti alisimama mbele ya ghala la pamba akasema kuta ziwe katika hali nzuri, tusiaibishe kijiji.

"Anakuja kukagua?" mama mmoja akauliza.

"Kuangalia."

"Kuangalia ndiyo kukagua kwa adabu."

Hapo hapo akina mama wakaondoka. Ilikuwa kiangazi, hakuna anayesiliba kiangazi kwa sababu maji ni ya shida, lakini wiki hiyo watu walisilibia hata maji waliyoogea watoto. Kwenye kichuguu cha karibu na shule palikuwa na foleni ya ndoo za kuchotea udongo. Njia nzima ilinuka mavi ya ng'ombe mabichi, harufu ambayo mimi naipenda, ni harufu ya nyumba mpya. Kila uliyekutana naye alikuwa na udongo mpaka kwenye kiwiko, na walisalimiana kwa kuinua mkono tu, kwa kuogopa kuchafuana.

Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Alikuwa rafiki wa mama, walikua pamoja, na ana sauti ambayo haihitaji kuvuka korongo ili ifike kwetu.

"Mayu," alimwita bibi, "ule ukuta wako wa magharibi, mgeni atasema ng'ombe wameulamba."

"Wako umelambwa na nani, mbona umesiliba mara mbili?"

"Wangu naupendezesha. Wako unaanguka."

Bibi alicheka, lakini baada ya hapo alikwenda akasimama mbele ya ule ukuta muda mrefu. Ni kweli chini ulikuwa umekuwa wa viraka viraka, na juu udongo ulikuwa umeanza kumeguka. Mgeni wa mbali anakuja. Kwa bibi, mgeni kukuta ukuta wa viraka ni sawa na kumpa ugali wa jana.

Alinituma mlimani nikachimbe udongo mweupe wa kupaka kwenye fremu ya mlango. Ni mbali, na kuchimba kwenyewe kunachukua muda. Niliporudi na ndoo kichwani niliuona ukuta tangu nikiwa kwenye njia. Ulikuwa laini wote, wa rangi moja, bado unang'aa kwa maji.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda. Udongo ulikuwa umemkaukia mikononi. Hakunitazama.

"Usiguse," alisema. "Bado mbichi."

Nilitua ndoo, nikaenda kufunga mbuzi, ambao walikuwa wameshafungwa. Jioni ile bibi hakumaliza ugali wake. Na mimi nilipokoka moto mkono ulienda wenyewe kwenye kona ya mlango, kama kila siku, ukateleza.

Mgeni alikuja siku mbili tatu baadaye na kamera ya kweli, imening'inia shingoni. Kijiji kilikuwa kinapendeza, sijawahi kukiona hivyo. Alianzia nyumba za barabarani. Akina mama walimfuata nyumba hadi nyumba, kila mmoja akitaka kuona anasema nini kwa mwenzake. Kwenye nyumba ya kwanza alisema, "Pazuri." Kwenye ya pili alisema, "Pazuri sana, mama." Alipofika kwetu sauti ilikuwa imechoka, na kamera hakuwa ameiinua hata mara moja.

Alisimama mbele ya ukuta wa magharibi. Halafu akanitazama mimi, si bibi. Mimi nilitazama kuku.

"Naomba maji ya kunywa," akasema, kama siku ile ya kwanza.

Bibi alimpa maji akamtazama anavyokunywa. "Huupendi?"

"Naupenda, bibi."

"Basi mbona unauangalia kama mtu aliyefiwa?"

Dada yule akasema ukweli. "Nilikuja kuona za zamani."

Jirani wa ng'ambo ya korongo akadakia. "Sasa si ungesema za zamani? Sisi tumeambiwa kuta."

"Barua ilisema za zamani."

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Amekwenda Bariadi."

"Amekwenda kujificha."

Wakacheka, lakini kicheko cha aibu. Mama mmoja akasema unaweza kubandua, udongo wa juu haujashikana vizuri. Mwingine akasema ukibandua utabandua na wa chini, si chapati hii. Yule dada alikaa chini, kwenye vumbi, hata kigoda hakungoja. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi, ila yangu hakuna aliyeijua isipokuwa bibi, na bibi alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kukauka.

"Lakini zilikuwaje?" mgeni akauliza, nadhani kwa kukata tamaa tu. "Mnakumbuka?"

Hapo pakachangamka. Kumbe kila mama alikumbuka kuta, ila si za kwake. Alikumbuka za wenzake. Mama wa nyumba ya barabarani akasema mama wa karibu na shule alikuwa na michoro ya macho ya ng'ombe kuzunguka dirisha, lakini jicho moja lilikuwa kengeza. Wa shuleni akasema macho ya ng'ombe alianza yeye, na wa barabarani akayaiga alipokuja kwenye msiba akajifanya anatafuta kivuli. Mwingine akasema mistari ya kulala ililetwa na wake walioolewa kutoka upande wa Maswa, hapa haikuwepo. "Haikuwepo vipi, na mama yangu aliichora?" "Mama yako alitoka wapi kama si Maswa?" Walikuwa wanaelekezana vidole kwenye kuta tupu, kama kwamba michoro bado ipo wanaiona. Mgeni alishawasha kinasa sauti cha simu, akakiweka kwenye kinu kilicholala, na akaacha kuuliza.

Ndipo jirani wetu akageukia ukuta wa magharibi. "Na huu," alisema, akapunguza sauti, "ulikuwa wa marehemu. Mimi niliuiga. Nilikuja kuazima ungo nikauangalia mpaka nikarudi nyumbani bila ungo." Akamtazama bibi. "Mayu, ni mimi niliyesema ng'ombe wameulamba."

"Nilisikia," bibi akasema.

"Nauweza. Nipeni udongo."

Nilikanyaga udongo kwa miguu, nikachanganya na mavi ya ng'ombe na jivu, nikampelekea. Alilowesha ukuta, akapaka tabaka jembamba kwa kiganja, haraka, kutoka juu mpaka usawa wa magoti. Kisha akaweka vidole vinne kwenye kona ya mlango akaanza kwenda. Alikuwa kweli anakumbuka. Mistari ilipanda pale pale, ikashuka pale pale. Akina mama wakawa wanasema, "Ndiyo huo, ndiyo huo." Mgeni akasimama, akainua kamera kwa mara ya kwanza siku ile.

Na haukuwa huo. Niliujua kwa vidole, si kwa macho. Niliona kwamba ikipigwa picha hivi, huu ndio utakuwa ukuta wa mama kwenye kitabu, na watu wote waliokuwepo wataukumbuka huu, na mimi peke yangu nitabaki na ule mwingine, na siku nikiusahau utakuwa umekwisha.

"Sio hivyo," nilisema.

Nilidhani hakuna aliyesikia. Jirani alisimamisha mkono. "Nani kasema?"

"Kidole cha mwisho hakishiki."

"Hakishiki vipi?"

Kulikuwa na watu wengi na wote wananitazama. Nilikwenda ukutani, kwenye sehemu ya chini aliyoipaka lakini mistari yake haikuwa imeifikia, nikaweka mkono, nikakunja kidole cha mwisho ndani, nikavuta. Mitatu ikaingia. Wa nne ukagusa kidogo, ukaacha, ukagusa.

"Mundu," bibi alisema nyuma yangu.

Alikuwa ameshika kikombe kifuani. "Alijikata na mundu, tulikuwa tunakata nyasi za kuezekea. Alikuwa mdogo kuliko huyu. Kidole kikapona kimejikunja, hakikunyooka tena." Aliutazama mkono wangu. "Mimi nilikuwa nimeshasahau kile kidole."

Jirani alitazama mistari yake, akatazama yangu. "Mimi niliona mstari wa nne unakatika katika nikajua ni uvivu wake, nilikuwa namfahamu," akasema. "Kwangu nikaurekebisha."

"Ukamrekebisha marehemu," mama mmoja akasema.

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajiachia alama ya udongo shavuni, na wengine wote wakafuata, na jirani akiapa kwamba alifanya kwa nia njema. Kisha akanipisha. "Haya. Chora wewe."

Nilichora nusu ya chini. Sikuchora vizuri. Karibu na kona ya nyuma nilipandisha mistari mapema, nikataka kufuta, bibi akasema acha. Kidole kiliniuma kwa kukikunja. Mgeni alipiga picha nyingi, kisha akamwuliza bibi aandike nani amechora.

"Andika mama yake na yeye," bibi akasema.

"Ya juu ni yangu," jirani akasema. "Vidole vinne, vyote vizima. Ya juu usimwandikie mtu mwingine."

Msimu wa kulima ulipoanza mgeni alimpigia mjomba simu, na mjomba akaweka sauti ya nje tusikie wote. Profesa amekubali. Ila mgeni haandiki tena juu ya kuta za zamani. Anaandika juu ya wiki ile: jinsi kijiji kilivyosikia habari ya mgeni, kikasiliba, na jinsi akina mama walivyogombana juu ya michoro ambayo haipo. Alisema kwenye masomo yao hayo ndiyo hasa wanayoyatafuta, yale watu wanayofikiri wakati wanafanya, na ukutani peke yake asingeyapata.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kukosea kwetu ndiyo historia?"

"Anasema ndiyo, bibi," mjomba akamjibu.

"Basi mwambie arudi, tunayo nyingi."

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa upande wa magharibi kama kawaida, zikala sehemu ya chini. Sasa kila zikiisha ninasiliba mimi, ukuta wote, na ninachora tena. Nusu ya juu ninaweka vidole vinne, kwa sababu jirani huja kuangalia. Nusu ya chini ninaweka vitatu na kile cha mwisho ninakikunja. Kidole changu ni kizima, kwa hiyo kinachoka, na nikianza kuwaza mambo mengine kinajinyoosha chenyewe na kushika udongo.

Bibi hukaa kwenye kigoda akichambua mchele, unadhani hatazami.

"Kidole," anasema.

Ninakikunja, ninaendelea.